Sura ya Saba: Wawili Wakawa Arobaini

Malalamiko ya mfugaji mgeni wa samaki wa mapambo yanafanana karibu kila mahali: alinunua samaki wawili, muuzaji akamhakikishia kwamba wote ni majike, na miezi michache baadaye tangi limejaa vitoto. Lawama humwangukia muuzaji, na mara nyingi si yake. Gapi, yule samaki mdogo ambaye dume wake ana mkia wa rangirangi, hatagi mayai. Anazaa watoto wanaoogelea papo hapo. Jike akishakutana na dume, huhifadhi mbegu mwilini kwa miezi kadhaa na kuzitumia kidogo kidogo, akizaa kila baada ya wiki nne hivi bila kumwona dume tena. Aliyesafiri na jike mmoja kwenye mfuko wa nailoni kutoka Dar es Salaam mpaka Ilembo, hapa Manispaa ya Mpanda, huenda amesafiri na ukoo mzima.

Samaki kuzaa ni dalili njema. Maji yanafaa, chakula kinatosha, hawana hofu. Kinachoharibu mambo ni mfugaji kutokuwa ameamua mapema nani atabaki ndani ya tangi na wa ziada watakwenda wapi. Asipoamua yeye, uamuzi utafanyika wenyewe usiku mmoja umeme ukikatika, na hautachagua wale ambao yeye angependa wabaki.

Sisi wa Katavi tuna sababu ya kulijua jambo hili kuliko wengi. Mkoa wetu, uliomegwa kutoka Rukwa mwaka 2012, una ufukwe wa Ziwa Tanganyika kule Karema na Ikola, na ndani ya ziwa hilo kuna aina zipatazo 250 za samaki wa ukoo wa sikilidi, karibu wote hawapatikani pengine popote duniani. Sisi tunawajua kwa sahani. Kuhe ni mmoja wao, tena anahesabiwa kuwa sikilidi mkubwa kuliko wote. Wapenzi wa matangi wa Ujerumani, Marekani na Japani wanawajua kwa tabia zao, hasa jinsi wanavyolea watoto, na ulezi huo ndio unaofanya tangi lijae haraka kuliko mwenyewe alivyotazamia. Samaki wengi wa mtoni hutaga na kwenda zao. Mayai huliwa, vitoto huliwa, hesabu inajisawazisha. Sikilidi hulinda. Baba na mama wa kuhe husimama juu ya watoto wao kwa majuma, wakikonda kwa kutokula.

Mfano ulio wazi zaidi ni Neolamprologus brichardi, samaki mwembamba wa rangi ya maziwa yaliyotiwa chai, mapezi yake yakiishia kwa nyuzi nyeupe. Jina lake linamkumbuka Pierre Brichard, Mbelgiji aliyeishi Bujumbura na kusafirisha samaki hai wa Tanganyika kwenda ng'ambo. Madukani huko humwita Binti Mfalme wa Burundi. Jozi moja ikishapata pango la mawe, hutaga, na watoto wakikua kidogo hawaondoki. Wanabaki kuwalea wadogo zao: wanapepea mayai, wanatoa mchanga mlangoni, wanafukuza wageni. Uzao wa pili unakuja wa kwanza wakiwa kazini, wa tatu unakuja wa pili wakiwa tayari wanajua kazi. Ziwani utaratibu huo unawasaidia kuishi katikati ya samaki wala watoto. Ndani ya kioo cha lita 100, ambamo hakuna mla watoto, ukoo mmoja hutwaa kila pembe na kuwasukuma samaki wengine juu kabisa, karibu na uso wa maji, wakiwa na mapezi yaliyochanika. Anayewaona hivyo hudhani wana ugonjwa na kukimbilia dawa. Wamenyang'anywa makazi, na dawa haiwarudishii.

Yule mdogo wa kwenye makombe, Neolamprologus multifasciatus, hafiki hata urefu wa kidole cha shahada. Huishi na kutaga ndani ya kombe tupu la konokono, na vitoto hutokeza mlangoni wakiwa na ukubwa wa punje ya mchele. Idadi yake unaweza kuishika kwa mkono: makombe yakiwa machache, familia nazo ni chache. Ni miongoni mwa samaki wachache ambao mfugaji anaweza kupanga uzazi wao kwa kupanga nyumba zao tu.

Kisha kuna Tropheus, na hapa naomba msomaji wa Mpanda atulie kidogo. Samaki huyu hukwangua mwani kwenye mawe ya ufukweni, na hawezi kuvuka ghuba ya mchanga au maji ya kina kirefu kwenda kwa jirani yake. Kila kipande cha miamba kimekaa peke yake muda mrefu mno hata kikawa na rangi yake. Zimeorodheshwa zaidi ya 100 kuzunguka ziwa. Mmoja wa wanaopendwa sana ni mweusi mwenye mkanda mpana wa njano katikati ya mwili, na jina analouzwa nalo katika maduka ya Ulaya ni la kijiji chetu: Ikola. Kuna watu ng'ambo wasioweza kuionyesha Katavi kwenye ramani ambao hutamka Ikola kila asubuhi wanapolisha samaki.

Jike wa Tropheus hutaga mayai machache, mara nyingi chini ya 20, makubwa kwa mwili wake, na kuyabeba mdomoni kwa muda wa kama mwezi mzima. Ukitaka kujua kama anaatamia, usiangalie tumbo. Angalia chini ya taya. Ngozi ya koo imeshuka kama mfuko, mdomo haufungi sawasawa, na kila baada ya muda mfupi anatafuna bila kuwa na chakula: anageuza mayai ili yapate hewa. Baadaye, watoto wakishatoka kwenye mayai, utamwona anadonoa mwani. Jike wa sato anapoatamia kwa kawaida hali. Huyu anakula, na chakula kile kinawafikia watoto walioko ndani ya kinywa. Siku atakayowatema wanakuwa wakubwa wa kutosha kukimbilia ufa wa jiwe, na wengi wataishi.

Ziwa hilohilo lina aliyejifunza kutumia uaminifu huo. Kambare mdogo mwenye madoa, Synodontis multipunctatus, hupita katikati ya sikilidi wanapotaga na kuacha mayai yake yachanganyike na yao. Mama huyaokota yote. Watoto wa kambare huanguliwa mapema zaidi na kuanza kula mayai ya mwenye kinywa humohumo alimowahifadhi. Jambo hili lilielezwa kitaalamu na Mjapani Tetsu Sato mwaka 1986. Nalitaja kwa sababu wapo wanaomfuga kambare huyu kusudi kupunguza uzao wa sikilidi. Inafanya kazi, ila baadaye utakuwa na kambare wa kuwatafutia makazi.

Sasa hatari yenyewe. Mpanda iko mita zipatazo 1,100 juu ya usawa wa bahari, na maji yenye joto la nyuzi 25 kwa mwinuko huo hushika takribani miligramu 7 tu za oksijeni kwa kila lita. Pampu ya hewa ikifanya kazi, samaki 40 wanaweza kuishi mahali palipopangwa wawe 15 na usione tofauti yoyote mchana. Umeme ukikatika saa nne usiku, wale 15 wangefika asubuhi. Wale 40 hawafiki. Na wanaoanza kufa ni wakubwa, wale wazazi uliowagharamia, kwa kuwa mwili mkubwa unadai oksijeni nyingi. Vitoto hupumulia utando wa juu wa maji na kubaki hai. Asubuhi unakuta umebakiwa na usiowahitaji.

Jambo la pili ni amonia, ambayo samaki huitoa hasa kwa matamvua. Bakteria walioko kwenye chujio na kwenye changarawe huigeuza kuwa nitriti, kisha nitrati, lakini wana kiasi chao. Samaki wakiongezeka ghafla, wao hawaongezeki kwa kasi ileile. Maji yasiyo na uchachu wala uchungu, yenye pH 7, huacha chini ya asilimia moja tu ya amonia hiyo katika umbo lake la sumu kali. Maji ya Tanganyika yana pH karibu 9, na kwa kiwango hicho, maji yakiwa ya vuguvugu, zaidi ya theluthi moja huwa sumu. Uchafu uleule unaovumiliwa na gapi humwua Tropheus. Kwa hiyo mwenye kufuga samaki wa ziwa letu katika maji yanayowafaa ndiye asiyepaswa kabisa kuacha idadi ijiendee.

Ukigundua vitoto leo, usianze na wavu. Anza na maji: badilisha robo ya tangi, ukitumia maji ya bomba yaliyokaa wazi kwenye ndoo usiku kucha ili klorini itoke, na urudie kila wiki. Punguza chakula, jike anayekula kupita kiasi ana mayai mengi zaidi, na wengi wetu tunalisha kwa kupenda kuwaona wanavyokimbilia juu. Kisha chukua tochi, zima taa ya chumba, umulike polepole nyuma ya chujio na chini ya mawe. Macho ya vitoto hung'aa. Hapo ndipo utajua kama una kumi au una mia, na uamuzi wa kumi si uamuzi wa mia.

Kama ni kumi katika tangi lenye samaki wengine wazima, mimi nasema waache. Wengi wataliwa, na hakuna ukatili ndani yake. Hivyo ndivyo maji yote yanavyokwenda. Wanaokimbilia kuokoa kila kitoto kwa kukizungushia kipande cha chandarua wana moyo mzuri, lakini wajiulize kwanza tangi la pili liko wapi. Ukipunguza majani na mawe ya kujificha, watakaobaki ni wachache zaidi. Mayai ya brichardi unaweza kuyaondoa kwa kulitoa jiwe lenyewe, ukalisugua na kulirudisha. Kwa gapi njia ya kudumu ni kutenganisha jinsia wakiwa wadogo. Dume hutambulikana kwa pezi la chini nyuma ya tumbo, ambalo kwake ni jembamba mfano wa kijiti, na kwa jike limetanuka. Wakague kila wiki, maana wanapevuka wakiwa na miezi michache tu.

Tropheus ana ugumu wake. Mtu anaona wamekuwa 30, anawatoa 20 kwa mkupuo, na kesho yake anakuta maiti. Katika kundi kubwa ubabe wa dume hutawanyika kwa wengi. Ukibakiza wachache, unamwangukia mmoja. Afadhali watoe wadogo kabla hawajaingia kwenye ugomvi wa wakubwa, na mawe uyapange upya siku hiyohiyo ili kila mmoja aanze kutafuta mahali pake.

Wapo watakaosoma haya na kusema kwao hakuna tangi la kioo, kuna bwawa la sato nyuma ya nyumba. Ni jambo lilelile, na limeumiza watu wengi zaidi. Majaribio ya kufuga perege na sato katika mabwawa ya nchi yetu yalianza mwaka 1949 huko Korogwe na Malya. Miaka iliyofuata mabwawa yalichimbwa kwa maelfu, mengi yakaachwa. Sababu zilikuwa zaidi ya moja, lakini mojawapo kila aliyechimba aliiona kwa macho: alipokausha bwawa alikuta samaki tele, wote wa ukubwa wa kiganja, wamejaa mayai. Sato anayebanwa na wenzake hadumai akasubiri. Hupevuka akiwa na gramu 30 hivi, miezi michache tu tangu azaliwe, na jike huweza kurudia kuzaa kila baada ya majuma manne hadi sita maji yakiwa ya joto. Pumba uliyoleta kwa baiskeli inaishia kulisha watoto wa watoto. Majirani husema mbegu ilikuwa mbaya. Mbegu ilikuwa nzuri kupita kiasi.

Dawa ya zamani ni kuchagua madume kwa mkono, na inawezekana hapahapa Ilembo bila kifaa chochote. Mshike sato wa gramu 50 hivi kwa kitambaa kibichi, tumbo juu. Nyuma ya tundu la haja kubwa kuna kinundu kidogo. Kwa dume kina tundu moja kwenye ncha. Kwa jike kuna jingine, ufa mwembamba uliokaa kwa upana, wa kutokea mayai. Usipouona, pakaza tone la wino kwa kidole kisha futa. Wino utabaki kwenye ufa. Madume warudi bwawani, ambako hukua haraka kuliko majike, na majike waende jikoni. Siku hizi wengi hununua vifaranga waliogeuzwa kuwa madume kwa chakula chenye homoni, wanacholishwa kwa majuma matatu au manne tangu wanapoanza kula. Ni njia halali na inaokoa muda, ila hata kazi nzuri huacha majike wachache, na wachache hao wanatosha kuharibu hesabu. Ndiyo maana mimi huwasisitizia watu kambare wa kawaida: mwingize baada ya sato kuwa wakubwa kiasi cha kutomezeka, naye atamaliza vifaranga usiku hadi usiku, na mwisho wa msimu una nyama ya aina mbili.

Nabakiwa na wa ziada, na hapa sina lugha ya upole. Usiwamwage mtoni. Usiwamwage kwenye bwawa la Milala, wala kwenye mfereji, wala Mto Katuma. Katuma unapita Sitalike, unaingia Hifadhi ya Taifa ya Katavi, na maji yake yanaishia bonde la Ziwa Rukwa, ziwa lisilo na mto wa kutokea. Kinachoingia kule kimeingia. Rukwa lina perege wake wa asili, Oreochromis rukwaensis, anayebeba jina la ziwa lenyewe, na sato wa kufugwa akikutana na perege wa asili katika maji mamoja hushindana nao na pia huzaa nao. Watafiti wameshawakuta perege wageni katika mito na maziwa mengi ya Tanzania, sehemu kubwa yao wakiwa ni matunda ya kupandikizwa na watu wenye nia njema. Ziwa Victoria linajulikana: sato na sangara waliletwa kati ya miaka ya 1950 na 1960, na ngege aliyekuwa chakula cha kila nyumba akatoweka karibu kabisa kwenye ziwa kubwa, akabaki katika vijiziwa vya pembeni. Hata samaki wa Tanganyika aliyekaa kwenye kioo asirudishwe Tanganyika. Anaweza kurudi na vimelea alivyoambukizwa na samaki wa dukani, au akaachwa kilomita chache tu kutoka kwenye mwamba wa wazazi wake, akavuruga kilichojitenga kwa maelfu ya miaka.

Sato wa ziada wanaliwa, na hilo halihitaji maelezo. Vitoto vya gapi ni chakula kizuri cha kambare. Kwa samaki wa tangi aliye mgonjwa au aliyejeruhiwa, ambaye huna pa kumpeleka, tumia mafuta ya karafuu, yaleyale ya jino. Chukua chombo kidogo chenye maji ya tangi lake. Tikisa matone kama 10 kwa kila lita katika kichupa cha maji ya uvuguvugu mpaka yawe meupe, kisha mimina polepole. Atalala ubavu, halafu matamvua yatasimama. Mwache humo dakika 10 zaidi, usimtoe mapema. Kumwaga samaki hai chooni au kumwacha akauke juani ni kumtesa, na sioni kisingizio chake wakati kichupa cha karafuu kinapatikana duka la dawa.

Waliobaki wagawe. Usiwalishe siku moja kabla ya safari. Mfuko uwe theluthi moja maji na theluthi mbili hewa, ufungwe vizuri na uwekwe ndani ya boksi lenye giza. Juu yake andika aina, jinsia na wazazi walitoka wapi. Kama wazazi wote ni wa Ikola, andika Ikola. Kama dume wa Ikola alizaa na jike wa ufukwe mwingine, kwa maana Tropheus wa rangi tofauti huzaana bila shida wakiwekwa pamoja, watoto hao wasiitwe Ikola na wasiuzwe. Waweke mwenyewe, au mpe mtu atakayewatunza kwa kuwatazama tu, ukimwambia waziwazi kwamba wamechanganyika na kwamba mayai yao yaondolewe kila yanapoonekana.